Binti Yetu na Moyo Wake

(Mazungumzo ya wazazi wawili, yaliyosomwa mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja mkoani Singida)



Mwalimu alituomba tuje tuzungumze juu ya malezi ya mtoto wetu, yule mnayemfahamu. Tulikataa mara mbili. Mara ya tatu akatuambia, "Basi andikeni kwanza, halafu mtaamua." Tukaandika. Tumeandika wote wawili, baba na mama, usiku baada ya chakula, katika daftari lile lile tulilokuwa tukiandikia habari za ugonjwa wake. Anayesoma ni mama, maana baba akifika mahali fulani sauti humkauka. Kwa hiyo mkisikia "sisi", ni sisi wawili. Na mkisikia "mmoja wetu", msitafute ni yupi. Tumekubaliana hivyo.

Binti yetu alizaliwa mwaka 2015, akiwa mtoto wetu wa pili. Alizaliwa na uzito mzuri, akalia vizuri, tukarudi nyumbani tukachinja kuku. Miezi miwili ya kwanza hatukuona neno. Halafu tukaanza kuona kwamba kunyonya kwake ni kazi. Ananyonya kidogo, anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso kama mtu anayelima. Kaka yake hakuwa hivyo. Tukasema labda ni joto.

Tukaenda zahanati. Tukaambiwa ni kichomi, tukapewa dawa. Mwezi uliofuata tukarudi, tukaambiwa kichomi tena. Hatuwalaumu sana, maana mtoto anayehema haraka huku kwetu aghalabu huwa ni kichomi kweli. Lakini dawa ziliisha na kuhema kukabaki.

Sasa tuseme jambo la aibu. Jamaa walisema ni kimeo. Mnajua nanyi mnavyoambiwa mtoto akikohoa au akishindwa kunyonya: eti kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe. Tulimpeleka kwa mkataji. Mtoto alikuwa na miezi saba. Alilia, damu ikamtoka, akalia zaidi, halafu akaacha kulia. Midomo ikawa kama mtu aliyekula zambarau. Macho yakageuka. Akalegea mikononi mwetu kama kitambaa. Watu wakapiga kelele, "Degedege! Degedege!" Mmoja akataka kumfukiza moshi. Tulimkumbatia tu kwa hofu, amekunjamana kifuani, na baada ya muda tusioweza kuupima akavuta pumzi. Leo tunajua kwamba ile haikuwa degedege, na kwamba kule kumkunja bila kujua ndiko kulikomsaidia. Kimeo hakikuwa na kosa lolote. Tangu siku ile, mtu akitutajia kukata kimeo tunamwambia habari hii, hata kama hajatuuliza.

Aliyeugundua ugonjwa alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, mama mmoja mpole aliyekuwa amehamia karibuni. Tulikwenda kwa chanjo tu. Alimshika mtoto mkono ampime uzito, akautazama ule mkono muda mrefu. Akasema, "Hebu tumwone ulimi." Akachukua kidude kinachobana kidole, kile kinachopima hewa iliyomo kwenye damu. Mtu mzima wa afya husoma 95 kwenda juu. Binti yetu alisoma 71. Akakibandua, akambana baba yake, kikasoma 97. Akambana tena mtoto, 71. Hapo hakusema kitu, akavuta kiti akakaa.

Tunaomba mlishike hili, maana halikuwa likisemwa katika mikutano ya hapa kijijini. Watoto wetu ni weusi. Ukimtazama mtoto ngozi huwezi kuona kwamba damu yake imekosa hewa. Mtazame ulimi, mtazame midomo kwa ndani, mtazame kucha. Zikiwa na rangi ya zambarau au ya kijivu, mpeleke hospitali, useme waziwazi ulichokiona. Na mtoto mwenye shida hii akikua kidogo, ncha za vidole vyake huvimba zikawa za mviringo kama vichwa vya rungu. Sisi tuliviona vidole vile tukadhani amerithi kwa babu.

NYUMBA YA VYUMBA VINNE

Tulipewa barua ya rufaa. Safari ya kwanza ilikuwa Dodoma, na baadaye Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, mwaka ule ule aliozaliwa binti yetu. Kutoka kwetu ni kilomita kama 700, safari ya kutwa nzima katika basi, na mtoto asiyetakiwa kulia.

Pale alipimwa moyo kwa mashine ya picha, ile wanayoiita eko. Haiumi. Wanampaka mafuta kifuani, wanapitisha kama kirungu kidogo, na moyo unaonekana kwenye kioo ukipiga. Tuliutazama moyo wa mtoto wetu ukipiga mbele yetu. Hatukujua tuangalie wapi.

Daktari alichukua karatasi akatuchorea. Akasema, moyo wa mtu ni kama nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuacha hewa yake mwilini, huipeleka kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto hupokea damu inayotoka kwenye mapafu, huisukuma mwili mzima. Katikati pana ukuta, damu ya huku isichanganyike na ya kule.

Kwa binti yetu palikuwa na kasoro nne. Ukuta wa vyumba vya chini ulikuwa na tundu. Njia ya kutoka chumba cha kulia kwenda kwenye mapafu ilikuwa nyembamba. Mshipa mkuu, ambao ungepaswa kutokea upande wa kushoto peke yake, ulikuwa umekaa juu ya lile tundu, kwa hiyo ulipokea damu ya pande zote mbili na kuipeleka mwilini hivyo hivyo, nzuri na mbaya. Na ya nne ilitokana na njia ile nyembamba: nyama ya chumba cha kulia ilikuwa imenenepa kwa kazi ngumu ya kusukuma. Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la Fallot, daktari wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1888. Sisi nyumbani tuliuita "zile nne".

Tuliuliza swali ambalo kila mzazi huuliza. Tumekosea nini? Daktari akasema karibu mtoto 1 katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani huwa na kasoro fulani ya moyo. Nyingine ni ndogo mno, huziba zenyewe bila mtu kujua. Moyo hujengwa katika wiki za kwanza za mimba, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Zipo sababu zinazojulikana, mathalani ugonjwa wa rubela ukimpata mama mwanzoni mwa mimba, au kisukari kisichotibiwa, au pombe, au baadhi ya dawa. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, ina faida hata kwa watoto ambao bado hawajazaliwa. Lakini kwa wengi sababu haijulikani. Daktari alitutazama mmoja mmoja akasema, "Si mama, si baba."

Tulitamani angekuja kuyasema hapa kijijini kwa kipaza sauti. Maana tuliporudi, nyumba ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Kwa upande wa baba walisema ukoo wa mama una kitu. Kwa upande wa mama walisema mahari haikumalizwa, wazee wamenuna. Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, hakusema kwa kinywa. Aliacha tu kumbeba. Akifika anampita mtoto mlangoni kama anavyopita kinu. Hilo lilituumiza kuliko maneno. Na kidogo kidogo likaingia hadi kati yetu wawili. Tukawa hatuzungumzi ila habari za dawa. "Umempa?" "Nimempa." Basi, mwaka ukapita hivyo.

ASILIE

Upasuaji haukuweza kufanywa mara moja. Mtoto alikuwa mdogo wa uzito, damu yake ilikosa madini ya chuma, na wenzake waliotangulia katika foleni walikuwa wengi. Na fedha, msitusahaulishe fedha. Tukarudi nyumbani kusubiri, na maagizo. Tulipewa dawa ya maji, apewe kwa saa, wala asipewe akiwa na njaa. Anywe maji ya kutosha, hasa siku za joto na akiharisha, kwa sababu mwili uliokosa hewa hutengeneza damu nyingi nzito, na damu nzito ikikosa maji ni hatari. Asafishwe meno kila siku, kwani wadudu wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kukaa ndani ya moyo. Chanjo zote apate. Na asilie sana.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Daktari alisema "msimwache alie kwa muda mrefu". Sisi tuliposhuka kwenye basi lilikuwa limekwisha kuwa "asilie kabisa". Maana tuliyaona yale mashambulio. Mara nyingi yalikuja asubuhi, akiamka tu, au akisukuma choo, au akikasirika. Ile njia nyembamba hubana zaidi kwa ghafla, damu haiendi kwenye mapafu, mtoto anakuwa wa zambarau, anahema haraka, analegea. Ukimwona mtoto wako hivyo mara moja, utampa chochote asilie. Alitaka kisu, tulimpa kisu kibutu. Alitaka kulala saa nne ya usiku, tulikaa naye. Alipiga watoto wa watu, hatukumkanya. Akamwaga uji wa kaka yake, tukamwambia kaka yake anyamaze.

Kaka mtu alikuwa na miaka mitano mdogo wake alipozaliwa. Huyu ndiye tunayetaka kumsema leo kuliko wote. Katika daftari letu, kurasa za mwaka wa kwanza na wa pili, hakuna jina lake hata mara moja. Kuna mashambulio, tarehe na saa, kuna dawa, kuna nauli. Siku aliyoanza darasa la kwanza hatukuiandika, na hata sasa hatuikumbuki. Ni jirani aliyemshonea kaptura. Siku moja walikuwa wakigombania kopo, mdogo akaanza kulia, na mmoja wetu akampiga yule mkubwa kofi ambalo hakulistahili. Hakulia. Alikuwa amejifunza kwamba katika nyumba ile kulia ni kwa mtu mmoja tu.

Tulipokwenda kliniki safari iliyofuata, yule muuguzi mpole alituuliza, "Na huyo mkubwa, anajua nini kuhusu mdogo wake?" Tukasema hajui kitu, ni mtoto. Yeye akachukua daftari letu, akaandika kwenye jalada la ndani kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Aliandika hivi:

Akibadilika rangi: mtulize. Mkunje magoti mpaka yaguse kifua. Mkae naye hivyo. Mpelekeni hospitali.

Akatueleza kwa nini. Mtoto akikunjwa magoti, mishipa ya miguu hubanwa. Damu ikiona njia ya chini ni ngumu, nyingi zaidi inalazimika kupita kwenye mapafu ikapate hewa. Na hapo ndipo tulipoelewa jambo jingine. Binti yetu alipoanza kutembea, alikuwa akienda hatua chache anachuchumaa. Anacheza, anachuchumaa. Watoto walimcheka, na watu wazima walisema ni mvivu, anajifanya mzee. Kumbe hakufundishwa na mtu. Alikuwa akijitibu mwenyewe.

Mwalimu wetu wa kisomo alipoisikia habari hii alituhadithia nyingine, nasi tunaipitisha kwenu kwa sababu ni ya watu kama sisi. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto wa namna hii ulifanywa Marekani, katika mji wa Baltimore, tarehe 29 Novemba 1944. Daktari aliyeshika kisu aliitwa Blalock, na aliyetoa wazo alikuwa daktari mwanamke wa watoto, Taussig. Lakini aliyesimama nyuma ya Blalock kwenye kigoda, akimwelekeza jinsi ya kushona mishipa ile, alikuwa mtu mweusi jina lake Vivien Thomas. Hakuwa daktari. Alikuwa na ufundi wa useremala, na fedha alizoweka akiba ili aende chuoni zilipotea benki ilipoanguka. Ni yeye aliyeijaribu kazi ile kwanza kwa mbwa, akatengeneza hata vifaa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1976, chuo kilimpa heshima ya udaktari. Mmoja wetu, aliyekuwa bado anasoma kwa kufuata mstari kwa kidole, alimwuliza mwalimu mara tatu kama ni kweli.

SIKU YA ALIZETI

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2018. Tulikuwa shambani tukikata alizeti, umbali wa karibu saa nzima kwa miguu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Tulimwacha na bibi yake, maana siku hiyo hapakuwa na mwingine, na kaka yake wa miaka minane alikuwa amerudi kutoka shule.

Yaliyotokea tuliyasikia kwa bibi, halafu kwa majirani, halafu kwa mvulana mwenyewe siku nyingi baadaye. Mtoto aliamka usingizi wa mchana akilia. Akabadilika. Bibi akamnyanyua juu, amemnyoosha kabisa miguu inaning'inia, akakimbia naye uani akiita watu. Mtoto akazidi. Majirani wakafika, mmoja akaleta maji amwagie. Hapo mvulana akaingia katikati yao akapiga kelele, "Bibi, mketi! Mketi chini!" Akamwambia bibi yake "mketi chini", mtoto wa miaka minane! Bibi anasema alishangaa hata akaketi. Mvulana akamchukua mdogo wake, akamlaza kwenye mapaja ya bibi, akamkunja magoti mpaka kifuani, akayashika hapo kwa mikono yote miwili. Akaanza kumwimbia. Majirani wakamwambia aache, anamwumiza. Hakuacha. Mwenye bodaboda alipofika, bibi alipanda na mtoto amekunjwa vile vile, na mvulana akabaki nyuma akilia peke yake. Nani angemwona?

Tulifika hospitali jioni tumejaa mavumbi ya alizeti. Mtoto yuko hai, amewekewa hewa. Bibi amekaa chini ukutani, khanga kichwani. Alipotuona alisema neno moja tu: "Nifundisheni."

Usiku tulimwuliza mvulana, nani alikuonyesha? Akasema, "Imeandikwa kwenye daftari." Alikuwa akilichukua daftari letu kufanyia mazoezi ya kusoma. Darasa la pili, alikuwa akitafuta maneno makubwa, na maneno makubwa yalikuwa yale ya muuguzi. Aliyasoma mara nyingi hata akayashika kwa moyo. Sisi watu wazima wawili tulikuwa tumeyafungia ndani ya jalada kama hati ya shamba.

Tangu wiki ile mambo ya nyumba yalibadilika. Tulikaa wote sebuleni tukafundishana, bibi, mvulana, jirani wa kulia na wa kushoto, hata mwenye bodaboda. Tulimtumia mwanasesere wa matambara. Bibi alikosea mara mbili, mvulana akamsahihisha, bibi akacheka. Na tulianza kumkanya binti yetu. Muuguzi alituambia kwamba mtoto anaweza kuambiwa hapana kwa sauti ya upole, akanuna, na asife. Alinuna sana. Hakufa. Kila jioni baba alitoka na mvulana peke yao kwenda kufunga mbuzi, hata kama mbuzi wenyewe wamekwisha kufungwa. Walikuwa hawaongei sana huko. Lakini ilikuwa saa yake.

KUTIA SAHIHI

Tuliitwa Dar es Salaam mwaka 2019. Sehemu ya gharama ililipwa na wafadhili kwa mpango wa taasisi, ofisi ya ustawi wa jamii ilituandikia barua, na iliyobaki ilitoka kwetu. Tuliuza alizeti ikiwa bado bei ya chini. Bibi aliuza mbuzi wake wawili. Hakumwambia mtu, tuliona kamba tupu. Ndugu wawili walisafiri nasi ili watoe damu.

Daktari hakutudanganya. Alisema wengi hupona na kuishi maisha marefu, lakini wapo wasiorudi. Alitueleza kwamba mtoto atalazwa usingizi, moyo wake utasimamishwa, na mashine itafanya kazi ya moyo na mapafu huku wao wakiziba tundu kwa kiraka na kuipanua ile njia. Akatuwekea karatasi tutie sahihi.

Mmoja wetu alikataa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Sasa anacheka. Kwa nini nimlete hapa afe akiwa anacheka?" Mwenzake alikaa kando yake muda mrefu, akamwambia, "Anacheka akiwa amechuchumaa." Tuliyasema hayo kwa hasira, tena mengine mabaya zaidi ambayo hatukuyaandika. Mambo ya mahari yalirudi. Yale yote ya miaka minne, ambayo tulikuwa tumeyapitia huku tukiulizana dawa tu, yalimwagika pale kwenye ngazi mbele ya watu wanaopita. Usiku hatukulala. Alfajiri yule aliyekataa alikwenda mwenyewe kwa muuguzi wa zamu akaomba kalamu. Alitia sahihi kwa jina lake lote, herufi moja moja. Miaka miwili kabla ya hapo angetia dole gumba.

Ilikuwa asubuhi mpaka alasiri. Hatuna la kusema juu ya saa zile.

Tulipoingizwa kumwona, alikuwa na mipira na nyaya kila mahali, kifua kimefungwa. Mmoja wetu alitazama mashine. Mwingine alitazama kucha. Zilikuwa nyekundu, kama za kaka yake. Ndugu zangu, tulikuwa hatujapata kuijua rangi ya midomo ya mtoto wetu. Miaka minne tulikuwa tukiiona nyingine.

Hatutaki mwondoke hapa mkidhani mambo yamekwisha. Anakwenda kliniki ya moyo kila mwaka, na ataendelea hivyo maisha yake yote, kwa sababu mlango wa moyo unaoelekea kwenye mapafu unaweza kuvuja baada ya upasuaji wa namna hii, na pengine siku moja utahitaji kutengenezwa. Kabla ya kung'oa jino lazima tumweleze daktari habari ya moyo wake. Akipata homa ya siku nyingi hatukai nyumbani. Mwaka 2021 tulipata mtoto wa tatu. Tuliuliza mapema, tukaambiwa hatari inaongezeka kidogo kwa wazazi kama sisi, lakini wengi wanaofuata huzaliwa wazima. Huyu ni mzima.

Kazi iliyotushinda baada ya upasuaji ilikuwa kuacha kuogopa. Mtoto alipona kabla yetu. Yeye alikuwa akikimbia, sisi tukimfuata nyuma na kikombe cha maji. Shuleni tulimwambia mwalimu asimpe fagio. Mwalimu akakubali, mtoto mwenyewe akakasirika, akaenda akachukua fagio. Hata leo usiku mmoja wetu huamka kwenda kusikiliza pumzi zake. Mwingine hujifanya amelala, halafu huuliza, "Yuko sawa?"

Mwezi uliopita alianguka juu ya mawe pale kisimani, goti likachubuka vibaya, akalia kwa sauti kijiji kizima kikasikia. Tulikuwa tumekaa barazani, sisi wawili, bibi na kaka yake ambaye sasa ana sauti nzito. Tulitazamana. Bibi alishika mkeka kwa mikono miwili. Hakuna aliyesimama. Alilia mpaka akachoka, akajifuta, akaokota ndoo yake.

Basi, tumefika mwisho wa daftari. Aliye na swali aulize, tutajibu tunayoyajua. Mwenyewe yuko hapo nje anacheza rede na wenzake. Mkimwuliza habari za moyo wake atawaonyesha kovu, anapenda kulionyesha.